Barua kutoka London: Sakafu Mbea

Kwa ndugu, jamaa na majirani wote wa Tanga: salamu kutoka Barking, mashariki mwa London. Huku watu ni wazima, mvua haijaacha kazi yake na mabasi yanatembea. Mgonjwa ni mmoja tu, naye ni sakafu. Haina ufa, haijabanduka, haijavunjika hata kona. Ugonjwa wake ni kusema. Akipita mtu, inasema. Akipita paka, inasema. Ikidekiwa, ndiyo inasema zaidi.

Sakafu hiyo ni ya dereva mmoja wa basi la usiku, mzaliwa wa Chumbageni, aliyenunua nyumba pamoja na mkewe muuguzi kwa mkopo ambao huenda wajukuu wakaumalizia. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa ametandika vigae vya porseleni, vyeusi tititi, vilivyong'arishwa, kuanzia mlango wa mbele mpaka jikoni. Siku wanunuzi walipokwenda kuangalia, sakafu ilikuwa imetoka kufutwa muda ule ule na mbingu ilikuwa imefunga. Taa za dari zilionekana mara mbili, juu na chini. Dereva akapiga picha, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Shangazi akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hapo mtu anapaka wanja akiangalia chini!" Mjomba, ambaye ndiye msimamizi wa nyumba ya familia inayojengwa Kange, Tanga, hakukubali kuachwa nyuma. "Na sisi tunaweka hivyo hivyo," akaandika. Binamu wa Dar es Salaam akapiga makofi ya vikaragosi, na azimio likapita bila mjadala.

Kasoro ya ile picha ilikuwa moja. Haikuwa na jua.

Tanga jua la saa sita mchana liko juu mwaka mzima. Hata katika siku linaposhuka zaidi, halipungui nyuzi 61 kutoka upeo wa macho. Linachoma paa, linachoma ua, lakini ndani ya nyumba linachungulia tu kisha linaondoka. London katikati ya Desemba jua la saa sita mchana huishia nyuzi 15 hivi. Linapita juu ya mapaa ya majirani, linaingia dirishani likiwa limelala, na linafuata sakafu kutoka sebuleni hadi chini ya jokofu. Mwanga wa ubavuni namna hiyo hausamehe. Muuguzi alitoka zamu ya usiku, akalala kidogo, akaamka mchana na kukuta sakafu yake imeandikwa: matone yaliyokauka na kuacha duara nyeupe, mizunguko ya tambara, nyayo za watu wanne, na njia iliyonyooka ya paka wa jirani, ambaye mpaka siku hiyo hakuna aliyejua kwamba huingia.

"Lakini si nilideki jana?" akauliza mume.

"Ndiyo hiyo deki yako tunayoiangalia," akajibu mke.

Jibu hilo lilikuwa na sayansi ndani yake. Kigae cheupe hutawanya mwanga kila upande. Utando mwembamba wa vumbi au sabuni nao hutawanya mwanga kila upande. Weupe ukikaa juu ya weupe, jicho halioni kitu, na mwenye nyumba hulala usingizi. Kigae cheusi kilichong'arishwa humeza sehemu kubwa ya mwanga, na ule mdogo unaorudi hurudi upande mmoja tu, kama kwenye kioo. Pale penye utando mwanga unatawanyika, na jicho linaona ukungu wa kijivu. Tena vumbi la ndani kwa kawaida ni la rangi hafifu: nyuzi za nguo, magamba madogo ya ngozi, mchanga laini kutoka viatuni. Kwa hiyo sakafu nyeusi haichafuki kuliko sakafu nyingine yoyote. Ni mbea tu. Yale ambayo sakafu ya kijivu ingeyafunika kwa heshima ya nyumba, hii inayatoa hadharani.

Wa kwanza kuumbuliwa alikuwa dereva mwenyewe. Mkewe alikuwa amempangia chakula kwa sababu ya sukari ya damu, na yeye aliapa kwamba akirudi kutoka kazini usiku hali kitu. Sakafu ikatoa ushahidi: nyayo kutoka ngazini hadi kwenye jokofu, kisimamo kirefu, kisha nyayo za kurudi zikiwa zimepishana zaidi, hatua za mtu aliyeshika sahani. Idara ya alama za vidole ya Scotland Yard ilianzishwa mwaka 1901, na polisi wa Uingereza wametumia kwa miaka mingi unga laini wa alumini kuibua alama kwenye nyuso nyororo. Barking hawakuhitaji unga. Walihitaji jua la asubuhi na mke asiye na haraka.

Hapa watu wa Pwani wana mzigo wa ziada. Wayo wa mguu wenyewe hauna tezi za mafuta. Una tezi nyingi sana za jasho. Jasho likikauka huacha chumvichumvi, alama hafifu ambayo kitambaa kimoja kinaiondoa. Lakini nani kati yetu anayetoka bafuni bila kujipaka mafuta? Mtu akishapaka mafuta ya nazi mpaka kisigino, kila hatua yake ni muhuri. Na kwa kuwa Waswahili huvua viatu mlangoni, tena kwa adabu kabisa, wageni wa nyumba hiyo waliacha matope nje na kuingia na muhuri ndani. Siku ya Idi sakafu ilipigwa mihuri mingi kuliko pasipoti ya mfanyabiashara wa Kariakoo. Sasa kuna kapu la soksi na kandambili safi kando ya mlango, na hakuna anayevuka bila kuchagua.

Baada ya miguu, ikaja kesi ya maji. Kila mtoto wa Tanga aliyewahi kupelekwa na shule kwenye mapango ya Amboni ameona yale mawe yanayoning'inia kutoka juu. Maji ya mvua hupita kwenye jiwe la chokaa, huliyeyusha kidogo kidogo, kisha yakidondoka mapangoni huiacha tena ile chokaa, tone juu ya tone, kwa maelfu ya miaka. London nayo imekalia chokaa. Sehemu ya maji yake hutoka kwenye mito ya Thames na Lee, ambayo imelishwa na vilima vya mawe meupe ya chokaa, na sehemu nyingine huvutwa kutoka kwenye miamba hiyo hiyo chini ya ardhi. Ndiyo maana maji ya bomba ya jiji hili ni maji magumu: kila lita hubeba zaidi ya miligramu 200 za madini hayo, kwa hesabu ya kalsiamu kaboneti. Kunywa ni salama kabisa. Tatizo huanza yanapokauka, kwa sababu maji huondoka na chokaa hubaki.

Mswahili mgeni London huiona chokaa kwanza kwenye birika la umeme. Anafungua kifuniko, anakuta ukoko mweupe umeshika chini, na anajiuliza nani amepika uji humo. Kwenye birika ukoko huo unavumilika, kwa kuwa hakuna anayealika wageni kuangalia ndani ya birika. Kwenye kigae cheusi, kila tone linalokauka ni Amboni ndogo.

Familia hiyo ina shemeji anayeishi Glasgow, Scotland, naye ana vigae vyeusi jikoni. Huyo hajui shida. Maji ya Glasgow hutoka Loch Katrine, ziwa lililoko vilimani, kwa mfereji uliofunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1859, na ni maji laini sana. Shemeji alipoombwa ushauri alipiga picha ya ndani ya birika lake, ambalo ni la zamani na bado linang'aa, akaituma bila maneno. Dereva hakumjibu. Undugu una mipaka yake.

Ushauri uliobaki ulitoka nyumbani, na wa kwanza ulikuwa wa shangazi: sabuni ya mche, maji ya moto, na kusugua kwa nguvu. Shangazi anajua usafi. Sakafu yake ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu imepakwa nta kwa miaka, na ukipita hapo unapata hofu ya kukanyaga. Lakini saruji inakula nta, inainywa mpaka ndani, na ukiisugua inarudisha mng'ao. Porseleni haili kitu. Huchomwa kwenye joto la takribani nyuzi 1200 za Selsiasi, na ikishatoka tanuruni hunyonya maji yasiyozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wake. Nta ikiwekwa juu yake inabaki juu yake, inashika vumbi, inavutika chini ya soksi na kuacha michirizi.

Sabuni ya mche nayo ilifanya yake. Sabuni halisi, ile inayotokana na mafuta na magadi, ikikutana na kalsiamu ya maji magumu hugeuka utando mzito usioyeyuka. Dereva alisugua korido nzima siku ya mapumziko, jasho likamtoka, akafungua dirisha sakafu ikauke. Ilipokauka ilikuwa ya kijivu. Akaongeza sabuni. Ikawa ya kijivu zaidi. Mkewe alipiga picha na kuituma kwenye kundi, na shangazi akauliza kwa huruma kama vigae vyenyewe ni vya kweli au vya Kichina.

Sabuni za maji za dukani hazigandi hivyo kwenye maji magumu, lakini nazo zina mtego. Watu humimina kifuniko kizima, wakati kijiko kimoja cha chai kwenye ndoo tayari kinatosha na kubaki. Ile ziada haiendi popote. Inakauka sakafuni, na kesho inashika vumbi na nyayo vizuri zaidi kuliko kigae kitupu. Kuna hata chupa zilizoandikwa kwamba zinasafisha na kung'arisha kwa pamoja. Nyingi huacha utando wao wenyewe ndio uonekane mng'ao, na kila wiki utando mpya hukalia wa zamani. Hiyo ndiyo siri iliyowachukua dereva na mkewe muda mrefu kuigundua: katika nyumba ile, uchafu mwingi uliokuwa ukionekana ulikuwa umewekwa na usafi.

Ikabidi waanze kuondoa kabla ya kuweka. Vigae vya porseleni vilivyong'arishwa mara nyingi hutoka kiwandani vikiwa na nta nyembamba ya kuvikinga safarini, na baada ya kutandikwa hubaki pia ukungu wa saruji iliyojaziwa kwenye viungo. Vyote viwili fundi anatakiwa aviondoe kwa dawa zake kabla ya kukabidhi kazi. Fundi wa nyumba ile hakuondoa. Familia iliosha sakafu kwa dawa ya kuyeyusha nta, kisha kwa dawa ya asidi hafifu inayotengenezwa kwa ajili ya ukungu wa saruji, ikasuuza mara kadhaa, na kwa mara ya kwanza ikakutana na kigae chenyewe.

Katikati ya kazi hiyo binamu wa Dar alileta mchango wake: changanyeni Jik na siki, mtaona maajabu. Muuguzi alipiga simu badala ya kuandika, ili asieleweke vibaya. Dawa ya klorini ikichanganywa na siki au asidi yoyote hutoa gesi ya klorini, ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia kutoka kwenye mitungi huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ikichanganywa na dawa za amonia hutoa gesi nyingine mbaya vile vile. "Shemeji," alimwambia, "mimi nafanya kazi wodini. Sitaki kuwapokea ndugu zangu huko kwa sababu ya vigae." Binamu alifuta ujumbe, lakini walioshauona walikuwa wameshauona.

Siki peke yake, iliyozimuliwa kwa maji mengi, huondoa chokaa na haidhuru uso wa porseleni. Ila ikitumiwa kila siku hula saruji ya viungo. Na kwenye marumaru halisi ni balaa, kwa sababu marumaru yenyewe ni kalsiamu kaboneti. Tone la siki au la ndimu linachimba alama ambayo hakuna tambara litakaloifuta. Kwa hiyo kabla ya kumwaga chochote, mtu ajue amesimama juu ya nini.

Teknolojia nayo ilijaribiwa. Dereva alinunua ile roboti ya duara inayofyonza vumbi yenyewe, akaiweka sakafuni, akakaa kwenye kochi kuitazama ikifanya kazi. Ilitembea juu ya mkeka wa mlangoni, ikafika ukingoni, ikasimama, ikarudi nyuma. Ikajaribu upande mwingine, ikarudi tena. Roboti hizi zina vihisi vinavyorusha mwanga wa infraredi chini na kungoja urudi. Usiporudi, roboti inaamini imefika kwenye ngazi na itaanguka. Nyeusi humeza mwanga huo. Kwa macho ya mashine ile, korido yote ya Barking ilikuwa shimo. Ilizunguka mkekani mpaka ikaishiwa chaji. Sasa inafanya kazi chumbani kwa watoto, penye zulia la kijivu, na kazi ya korido imerudi kwa mashine ya Henry, ile nyekundu yenye uso wa kutabasamu inayotengenezwa Chard, Somerset, ambayo kila aliyewahi kufagia ofisi za London anaijua. Henry hana vihisi. Anakwenda anakovutwa.

Mkeka wenyewe una kisa. Ni ule mgumu wa kahawia wa kupangusia viatu, na duka liliusifu kwamba umetengenezwa kwa nyuzi asilia. Dereva aliugeuza, akaunusa, akacheka peke yake mpaka muuzaji akamwangalia. Ni usumba. Ni makumbi ya nazi, yale yale ambayo nyumbani huchochewa moto, na hapa ameyalipia paundi. Lakini kwa kazi yake hakuna mfano: mchanga unaobaki kwenye mkeka hauingii ndani kukwaruza mng'ao, na michubuko midogo ndiyo kitu pekee kwenye sakafu hiyo ambacho hakifutiki.

Ukombozi ulikuja kupitia dirishani. Uingereza wapo wasafisha madirisha wanaopita mitaani na gari lenye tangi la maji na fimbo ndefu ya nyuzi za kaboni yenye brashi na bomba nchani. Mmoja alifika nyumba ya jirani, akanyoosha fimbo hadi ghorofa ya pili, akasugua, akamwagia maji, akakunja vifaa vyake bila kufuta hata kioo kimoja. Dereva alitoka na kikombe cha chai mkononi kusubiri michirizi. Vioo vilikauka vikiwa safi. Ndipo alipouliza, na yule bwana akamfungulia mlango wa nyuma wa gari. Maji ya bomba hupitishwa kwenye chujio la shinikizo na kisha kwenye chembe za plastiki zinazonasa madini, mpaka kipimo kinasoma sifuri. Maji yasiyo na madini yakikauka hayana cha kuacha.

Dereva alirudi ndani na dumu la maji aliyopewa bure, akamwita mke. Wakafuta vigae viwili kwa maji ya bomba na viwili kwa maji ya dumu, wakasubiri. Vile vya bomba vikapata ukungu. Vile vya dumu vikakauka vyeusi.

Maji hayo yanauzwa pia madukani kwa ajili ya pasi za mvuke. Nyumbani ni yale maji ya kuongezea kwenye betri ya gari. Yale ya kuongezea, jamani, si ile asidi. Hayahitajiki kwa ndoo nzima. Utaratibu wa Barking sasa uko hivi. Kwanza vumbi lote linafyonzwa sakafu ikiwa kavu, kwa sababu vumbi likilowa linakuwa tope. Kisha tambara lililokamuliwa mpaka halidondoshi, kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo sana, linapita sehemu ndogo ya vigae vichache. Kitambaa cha pili chenye maji yasiyo na madini kinafuata hapo hapo kuondoa sabuni. Cha tatu, kikavu, kinakausha kabla hewa haijapata nafasi. Mtu anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, amevaa soksi.

Kuhusu vitambaa, kanga kuukuu na fulana za uchaguzi zimestaafishwa kwa heshima. Pamba huacha manyoya. Kinachotumika ni maikrofaiba, kitambaa cha nyuzi nyembamba kuliko za hariri, ambacho kizazi chake cha kwanza kilitokana na kazi ya Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray ya Japani mwaka 1970. Nyuzi hizo hukwangua mafuta na kunywa maji bila kuacha kitu. Zina sharti moja: zisifuliwe na dawa ya kulainisha nguo, kwa maana dawa hiyo huziba nyuzi na kuzipaka utando, na utando huo unarudi sakafuni. Shangazi aliyekuja kutembea mwezi mmoja alivifua vyote kwa dawa yenye harufu ya maua, kwa mapenzi kabisa. Wiki hiyo korido ilinukia vizuri na ilionekana kama kioo kilichopuliziwa pumzi. "Shikamoo shangazi," dereva alisema alipoamka na kuiona, na hakuongeza neno.

Mbali na sura, kuna goti la mjomba la kufikiriwa. Kigae kilichong'arishwa kikilowa kinateleza. Uingereza mamlaka ya usalama kazini hupima utelezi wa sakafu kwa kifaa cha bembea kinachoburuta kipande cha mpira juu ya sakafu iliyolowa; alama 36 na kuendelea ndiyo inayohesabiwa kuwa hatari ndogo, na porseleni inayong'aa ikilowa kwa kawaida haifiki hapo. Watu wa baraza la Kange watanawa miguu na kupanda na maji. Mvua za masika zitaingia. Na vumbi la Tanga ni jekundu. Juu ya nyeusi litasimama wima na kujitambulisha.

Hata mbele ya Malkia sakafu nyeusi haikuachwa iwe peke yake. Jumapili moja familia ilikwenda Greenwich kuona Queen's House, jumba lililosanifiwa na Inigo Jones, ambalo kuingia ni bure. Ukumbi wake mkuu una sakafu ya marumaru nyeusi na nyeupe, iliyotandikwa mwaka 1635 kwa maumbo yanayozunguka kutoka katikati. Watu wazima hutazama juu, roshani na dari. Dereva aliinama, akainamisha kichwa mpaka shavu likakaribia ardhi, akiangalia kwa ubavuni. Mkewe akamvuta koti. Alichokiona ni kwamba miguu ya miaka karibu 400 imelainisha mng'ao, nyeupe inavunja nyeusi, na madoa hayana pa kujitangaza.

Kwa hiyo maoni ya Barking kwa kamati ya ujenzi ni haya. Kama nyeusi lazima, iwe isiyong'aa, au yenye madoadoa ya kijivu, au ichanganywe na nyeupe. Barazani na bafuni kiwekwe kigae chenye uso wa kukwaruza. Siku hizi si lazima kuagiza mbali. Viwanda vya Mkuranga na Chalinze vinatoa vigae, na Kajiado kwa majirani zetu Wakenya. Kabla ya kununua boksi zote, nunueni kipande kimoja, dondosheni maji ya bomba ya Kange, yaacheni yakauke juani, kisha mkitazame kwa ubavuni saa kumi na moja jioni. Kikanyageni na mguu uliopakwa mafuta. Fundi aandikiwe kwamba hatamaliziwa malipo mpaka aondoe nta na ukungu wa saruji.

Barua ikiwa inasomwa kwa mara ya mwisho kabla ya kutumwa, ujumbe wa mjomba umeingia. Boksi zimeshashushwa, na muuzaji harudishi fedha. Fundi ameanza na sebule. Shangazi, kwa upande wake, ameagiza mikeka mikubwa miwili kutoka Pemba ya kuvifunikia vigae, na anataka kujua kama dereva atakuja likizo na vile vitambaa, vya rangi gani, na kama kilo zikibaki, alete na Henry.